Staili za kiklasiki kwenye kozi ya uigizaji: anza na jengo, hisia zitakuja zenyewe (uzi mrefu)

#1 Kigoda cha Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila semista ya staili za kiklasiki ikianza, PM yangu inajaa maswali yale yale. "Kaka, kuigiza Kigiriki ndiyo kuigizaje?" "Shakespeare lazima nibane pua niongee kama Mwingereza?" "Hiki kinyago cha pua ndefu kitanisaidia nini nikienda kutafuta kazi kwenye tamthilia za runinga?" Mimi nilimaliza stashahada ya sanaa za maonyesho, sasa namsaidia mwalimu kwenye mazoezi ya mwaka wa pili. Naandika hapa mara moja, baada ya hapo nitakuwa natuma linki tu.

Msimamo wangu ni huu: staili ya kale ilikuwa jibu la shida iliyokuwepo pale pale walipoigizia. Watazamaji wangapi, wamekaa umbali gani, ni mchana au usiku, mwigizaji kavaa nini usoni na miguuni. Ukishalijua jengo, mwili unaanza wenyewe kufanya kile walichokuwa wakifanya. Anayeanza kwa "kupandisha hisia" huishia kupayuka, na maonyesho mengi ya mwisho wa semista niliyoyaona yako hivyo: watu wamejifunga mashuka, wanapiga kelele, wanaita hiyo ni tanzia.

Tuanze na Ugiriki, maana ndipo wengi wanapokwama.

Ukumbi wa Dionisio pale Athens uko mteremkoni, chini ya Akropoli. Watu wamekaa kilimani, wanatazama chini. Ule wa Epidaurus, uliojengwa karne ya 4 K.K. na hadi leo unatumika, unaingiza watu wapatao 14,000. Taa hakuna, kipaza sauti hakuna, mchezo unachezwa mchana wa jua. Aliyekaa safu za juu uso wako haoni. Nyusi zako, machozi yako, midomo inayotetemeka, vyote vinaishia safu za mbele. Ndipo kinyago kinapoingia: uso mmoja mkubwa unaosomeka kwa mbali.

Kinyago kikatatua na shida ya pili. Aristotle anaandika kwamba mtunzi Aeschylus ndiye aliyeleta mwigizaji wa pili, na mtunzi mwenzake Sophocles akaleta wa tatu. Watatu tu, wote wanaume, ukiacha korasi, lile kundi linaloimba na kucheza pamoja. Sasa chukua ile tamthilia ya Mfalme Oedipus: wenye maneno ya kusema ni Oedipus, kuhani, Creon, mwaguzi Tiresias, Jocasta, mjumbe wa kutoka Korintho, mchungaji na mjumbe wa ikulu. Wanane, kwa waigizaji watatu. Unaingia nyuma ya jengo la jukwaani, unavua kinyago, unavaa kingine, unatoka ukiwa mtu mwingine.

Sasa tazama hilo linaufanya nini mwili. Kinyago kikiangalia pembeni sana, kimekufa: watu wanaona ukingo wa karatasi na sikio lako. Kwa hiyo unaongea na mwenzako huku kifua kimewaelekea watazamaji, na ukigeuka unageuka mzima, shingo haiendi peke yake. Tendo moja kwa wakati mmoja. Nyoosha mkono, simamisha, ndipo useme. Ukisema huku mikono inapepea, aliyekaa mbali hajui ni nani kati yenu anayeongea. Na usikiguse kabisa mbele ya watu. Mkono ukigusa tu shavu la kinyago, wote wanakumbuka kwamba ni karatasi na gundi.

Sauti nayo ina mtego. Ndani ya kinyago unajisikia vizuri mno, sauti inakurudia masikioni, unadhani ukumbi mzima unakusikia. Mwalimu akisimama mwisho wa uwanja anasikia nusu ya kila sentensi, maana wengi wetu tunameza silabi za mwisho. Pumzi ishuke tumboni, na neno lifike hadi mwisho wake. Hilo linawachosha wanafunzi kuliko kitu kingine chochote.

Halafu mjue kwamba vinyago vyenyewe vya Athens havijabaki. Vilitengenezwa kwa vitu vinavyooza, kama kitambaa na mbao. Tunavifahamu kwa michoro ya kwenye vyungu na sanamu ndogo za udongo. Kwa hiyo akikwambia mtu "Wagiriki walikuwa wanatembea hivi" kwa uhakika wote, mwombe akuonyeshe hicho chungu.

Jambo la mwisho la Wagiriki, na hapa ndipo ninapofurahi kufanya kazi na vijana wetu: mambo makubwa ya damu kwa kawaida hayaonekani jukwaani. Jocasta, mke wa Oedipus, anajinyonga ndani. Oedipus anajitoboa macho kwa vibanio vya nguo ya mkewe, humo humo ndani. Sisi tunaletewa habari na mjumbe, hotuba ndefu ya mtu mmoja. Kijana aliyekulia kwenye hadithi za bibi anaishika haraka, kwa sababu ule ni utambaji. Mwili umetulia, macho yanaliona lile tukio, sauti inawapeleka watu huko. Anayejaribu kujinyonga kwa vitendo katikati ya hotuba anaiua.

Nitarudi na Waitalia. Karibuni mchangie.

---

#2 Ngosha wa Location

Nimeweka kigoda hapa mkuu, shusha nondo. Ila mimi natoka upande wa muvi na nina swali la ugomvi kidogo. Direkta wangu akiona mtu katoka chuo anasema "huyu ataigiza kwa ajili ya mtu wa getini". Kamera iko hapa puani, wewe unamfundisha mtoto kuongea na watu 14,000. Huoni mnawaharibia ajira?

---

#3 Kigoda cha Nyuma

Direkta wako ana hoja kwa wale waliofundishwa kupayuka. Aliyefanya kinyago sawasawa ni kinyume chake, kwa sababu kinyago kinamfundisha kutulia. Waigizaji wetu wa runinga tatizo lao kubwa ni kujaza: kichwa kinatikisika, mkono nyweleni, macho yanazunguka, sentensi moja mishtuko mitano. Ukiwa ndani ya kinyago kila kitikisiko kinaonekana kama kosa la tahajia. Mtu akitoka humo kwenda kwenye kamera, anakuja na utulivu, anapunguza sauti tu. Kupunguza ni rahisi. Kumfundisha kutulia mtu aliyezoea kujikuna ni kazi ya miezi.

Haya, Italia.

Mwaka 1545, mjini Padua, waigizaji kadhaa walitia saini mkataba wa kuzunguka pamoja, kugawana mapato, kumtunza mwenzao akiugua, na kununua farasi wa kubebea mizigo. Napenda sana hilo la farasi. Ni watu wa kazi, wanahama mji hadi mji, na huo ndio utaratibu uliokuja kuitwa komedia dell'arte.

Jengo lao ni jukwaa la mbao kwenye uwanja wa soko. Watu wanapita, mbwa wanabweka, na kila mji una lahaja yake. Maneno peke yake hayatoshi, kwa hiyo mtazamaji lazima amjue mhusika kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana wahusika ni wale wale kila siku. Pantalone, mfanyabiashara wa Venice, mzee, bahili, anataka kuoa msichana. Dottore, msomi wa Bologna, anaongea saa nzima na hujui kasema nini. Capitano, askari anayejisifu na ndiye wa kwanza kukimbia. Arlecchino, mtumishi wa kutoka Bergamo, njaa haimwishi. Wapenzi wawili hawavai kinyago, ni wazuri na hawana akili.

Skripti hakuna. Kuna muhtasari tu: nani anaingia, anataka nini, anazuiwa na nani, anatoka na nini. Maneno ni yako papo kwa papo. Ila msidhani wanajitungia tu ovyo. Kila mmoja ana akiba ya vituko alivyovifanyia mazoezi maisha yake yote, wanaviita lazzi, na mchezo ukipoa anachomoa kimoja. Maarufu kuliko vyote ni Arlecchino mwenye njaa anayemwinda nzi, anamkamata, anamkagua, anamla kama nyama ya harusi. Ferruccio Soleri alimchezea Arlecchino ukumbi wa Piccolo mjini Milan kwa zaidi ya miaka 50, na video zipo. Angalia miguu yake kwanza, uso uache.

Darasani tunaanza na miguu hiyo hiyo. Pantalone: mgongo umepinda, magoti nje, mkono mmoja haubanduki kwenye mkoba wa hela. Tembea hivyo dakika kumi kuzunguka chumba na utaona mawazo yanabadilika yenyewe, unaanza kumshuku kila mtu. Arlecchino: magoti yamekunjwa muda wote, uzito kwenye vidole. Kesho yake mapaja yanawaka, ngazi unapanda kwa kushika ukuta.

Kitu kingine: hawa walikuwa na wanawake jukwaani. Isabella Andreini wa kundi la Gelosi alijulikana hadi Ufaransa kabla ya kufariki mwaka 1604, wakati London nafasi za wanawake zilikuwa zinachezwa na wavulana, na ikaendelea hivyo hadi 1660.

---

#4 Mjukuu wa Vingunguti

Mleta uzi hapo kwa Waitalia umenirudisha mbali. Hao si ndio vichekesho vya vikundi vya Muungano na TOT? Sisi tuliokula ujana miaka ya 80 na 90 tunakumbuka: ukumbi wa baa, ngoma, sarakasi, taarabu, halafu kichekesho. Hakuna mtu aliyeshika karatasi. Wanapeana kisa nyuma huko, fulani ni baba mkali, fulani mke mdogo, fulani mgeni kutoka shamba, wanaingia. Wakiona walevi wa meza ya nyuma wanapiga soga, mmoja anawageukia anawatupia neno, ukumbi unalipuka, kisa kinaendelea.

Na King Majuto, Mungu amrehemu, yeye kinyago cha ngozi cha nini? Uso wake ulikuwa kinyago tosha. Akiingia tu kabla ya neno lolote watu wameshacheka.

---

#5 Kigoda cha Nyuma

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kitu ambacho nakililia kila mwaka. Kiufundi ni kitu kile kile: baa yenye kelele na soko la Padua ni shida moja, kwa hiyo majibu yamefanana, ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake. Tofauti ninayoiona ni kwamba Waitalia muhtasari wao uliandikwa na kuchapishwa (Flaminio Scala alichapisha mkusanyiko mzima mwaka 1611), ndiyo maana sisi leo tunaweza kuufanyia mazoezi. Vichekesho vyetu vimebaki vichwani mwa watu kama wewe. Kama unakumbuka visa, viandike humu, hata kwa mistari mitano mitano.

---

#6 Asiyependa Mashuka

Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Kijana ametoka Newala, kwao kuna mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kaona vinyago tangu utoto, anakuja chuoni anafundishwa kwamba kinyago kilianza Athens. Mnamwambia "klasiki" ni Ulaya. Huu ni ukoloni mamboleo uliovaa shuka. Kwa nini msisomeshe tamthilia ya Kinjeketile na mapiko mkaachana na Pantalone?

---

#7 Kigoda cha Nyuma

Nusu nakuunga mkono, nusu nakukatalia.

Nakuunga mkono kwa mapiko. Lipiko, yaani kinyago chenyewe cha Wamakonde, linavaliwa kama kofia, mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, mwili wote umefunikwa kusudi asijulikane ni nani. Kwa nidhamu ya mwili, hilo linasimama bega kwa bega na chochote cha Ulaya. Mtaala unaolitaja kwenye "ngoma za asili" na kulisahau kwenye somo la kinyago una kasoro, na sisemi chuo gani.

Tena klasiki haiishii Ulaya hata kidogo. Noh, maigizo ya kale ya Japani, ambayo Zeami aliiandikia miongozo ya uigizaji kwenye karne ya 15, ina mafunzo ya kutembea tu, nyayo zinateleza bila kuacha sakafu, na mtu anaweza kuyafanyia kazi miaka. Ningekuwa na mamlaka, ningeipa Noh muda ule tunaompa Molière, yule mtunzi wa vichekesho wa Ufaransa.

Ninapokukatalia ni kwenye "kuachana". Kinjeketile cha Ebrahim Hussein chenyewe, wahakiki wengi wameonyesha kwamba umbo lake limekaa karibu na tanzia ya Kiaristotle. Mtu mkubwa mwenye shaka moyoni, umati unamsukuma, neno alilolisema linamgeuka. Halafu huyo huyo Hussein akaandika Jogoo Kijijini, akachukua njia ya masimulizi. Alizijua njia zote mbili, ndipo akachagua. Mwanafunzi asiyejua mojawapo hana cha kuchagua.

Na Shakespeare kwa Kiswahili hatukuletewa na Waingereza. Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari mwenyewe, ikatoka 1963, akairudia tena 1969, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akatoa Makbeth 1968 na Tufani 1969. Rais wa nchi anakaa usiku anahangaika na mistari ya Antoni. Kuna kitu alikiona humo.

---

#8 Mwana wa Likoni

Naongezea hapo kwa Shakespeare. Mimi niko London kikazi. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe, uliojengwa kwa mfano wa ule wa Shakespeare, uliita tamthilia zake 37 kwa lugha 37, na Kiswahili kilipewa wale wanawake wa Windsor wanaomtia adabu mzee Falstaff. Kundi lilitoka Kenya, Falstaff akachezwa na Mrisho Mpoto wa Tanzania, huyu huyu wa mashairi. Nilikuwa nimesimama uani na tiketi ya bei ya chini.

Nilichokiona kinaafiki hoja ya mleta mada kuhusu jengo. Pale ni mchana, hakuna giza la kujifichia, mwigizaji anakuona. Mpoto hakuwa anaongea "peke yake" hata kidogo. Akiwa na siri, alikuwa anakuja ukingoni anatugawia sisi tuliosimama, kama mtu anayewauzia majirani umbea. Wazungu waliokuwa hawajui neno walikuwa wanacheka, na Waswahili tulikuwa tunacheka kabla yao.

---

#9 Kigoda cha Nyuma

Ndugu wa Likoni, asante sana, umenifungulia mlango.

Globe ya kwanza ilijengwa 1599, ikaungua 1613 katikati ya mchezo, hii ya sasa ikafunguliwa 1997. Jukwaa linajitokeza katikati ya watu, wamekuzunguka pande tatu, jua linawaka. Kwa hiyo yale mazungumzo ya mtu na nafsi yake, ambayo wanafunzi wetu huyasema wakiwa wameangalia dari kwa huzuni, yasemeni mkimtazama mtu machoni. Hamlet anapouliza swali, anamuuliza yule dada wa safu ya pili. Mpe nafasi ya kufikiri. Ukishafanya hivyo mara moja, hotuba haiwi tena shairi la kukariri, inageuka kesi unayoitetea.

Zoezi letu bora la Shakespeare linatokana na ufukara wao. Karatasi na kunakili kwa mkono vilikuwa gharama, kwa hiyo mwigizaji hakupewa kitabu kizima. Alipewa maneno yake tu, na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia. Karatasi moja ya aina hiyo imebaki, ya mwigizaji wa enzi hizo Edward Alleyn, iko chuo cha Dulwich, London. Tunawakatia wanafunzi vipande hivyo hivyo. Hujui nani atakuambia hayo maneno, hujui yatakuja lini, inabidi usikilize kama mtu anayesubiri namba yake iitwe hospitalini. Wale waliozoea kusinzia mpaka zamu yao ifike wanaamka siku hiyo.

Mizani sasa. Mstari wa Shakespeare una silabi kumi, nyepesi na nzito zinapishana. Kwa Kiswahili usijisumbue kuutafuta mdundo huo, mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho na hautoki hapo. Beba kitu kimoja tu: mstari mmoja ni wazo moja kwa pumzi moja, na kama wazo limevuka mstari, jua mhusika anakimbizwa na jambo.

Molière nitampitia haraka. Mstari wake wa kishairi una silabi 12, umekatika katikati, sita kwa sita. Aliyelelewa na mashairi yetu ya ukwapi na utao, nane kwa nane, analijua hilo pumziko la katikati bila kufundishwa. Mwambieni mwanafunzi aghani kwanza, halafu aondoe wimbo abakize pumziko. Mengine ni viatu vya kisigino, kanzu nzito, mishumaa, na hadhira ya mabwana wanaojiangalia wao kwa wao. Tartuffe yake ilizuiwa mwaka 1664 na haikuruhusiwa wazi hadi 1669, kwa kumcheka mnafiki wa dini. Kwetu hapa hilo halihitaji maelezo marefu, ila ukiichezea chuoni kaongee na mkuu wa idara mapema.

---

#10 Ngosha wa Location

Hapo kwa "maneno yako tu" nimeiba mkuu. Naenda kuijaribu seti wiki hii, kuna mmoja anajibu kabla hajaulizwa.

---

#11 Binti Mwaka wa Kwanza

Shikamooni kaka na wazee. Sisi tumeambiwa tuje na kinyago cha Pantalone, na ngozi hatuna hela. Tutengeneze kwa nini? Na kiwe kizima au nusu?

---

#12 Kigoda cha Nyuma

Marahaba dada. Nusu, kiishie juu ya mdomo wa juu, maana Pantalone anaongea sana. Ngozi waachie akina Sartori wa Padua, familia iliyofufua ufundi huo baada ya Vita vya Pili. Sisi gazeti linatutosha.

Chukua udongo wa mfinyanzi, uumbe uso juu ya ubao, ukubwa wa uso wako. Nyusi zitoke, mashavu yaingie ndani, pua iwe ndefu yenye kota, na hiyo pua imalizie kwenye udongo kabla hujabandika chochote. Ukiiongeza baadaye kwa karatasi itaning'inia siku ya mtihani. Pakaza mafuta ya mgando kila mahali. Pika uji mzito wa ngano usio na chumvi wala sukari, upoe. Chana gazeti kwa mkono, usikate kwa mkasi, maana ukingo uliochanika unalala vizuri. Tabaka la kwanza gazeti, la pili karatasi ya kaki ili usipoteze hesabu, endelea kupishanisha hadi sita au saba. Kausha kivulini. Juani kinajikunja.

Kikikauka kitoe, toboa macho makubwa kuliko unavyodhani, maana hutaona ngazi. Ndani bandika sponji kidogo kwenye paji la uso, kisigusane na ngozi kila mahali, jasho lake si la mchezo. Mpira wa kufungia upite juu ya masikio. Rangi ni kahawia iliyokolea, na usipake ya kung'aa, mwanga wa jukwaani unaiua.

Picha za hatua zote nitaweka kesho nikishanunua bando.